Kazi mpya ya ruta za zamani: mwongozo wa kaya kutoka Kigobe

Kigobe, katika zoni ya Gihosha kaskazini mwa Bujumbura, ni mtaa unaojulikana kwa jengo la Bunge la Taifa, na ni mtaa wa maofisi. Ofisi haikai bila intaneti. Kila teknolojia ilipobadilika, kutoka waya wa simu hadi dishi la setilaiti, kisha mawimbi ya 3G na 4G na sasa faiba, vifaa vilivyotangulia viling'olewa ukutani na kuwekwa stoo. Humo vimelala: ruta zisizo na antena, swichi za mtandao zenye matundu 8 au 24, mabunda ya waya wa buluu na kijivu, na yale masanduku mazito ya UPS ambayo yalikuwa yakipiga kelele umeme unapokatika.

Wengi huvitazama vitu hivyo na kuona intaneti iliyopitwa na wakati. Fundi huona jambo jingine: huona volti 12. Ruta nyingi, ziwe za miaka 20 iliyopita au za jana, hutumia umeme wa mkondo mnyoofu wa volti 12, ambao ndio wa betri ya gari, ya pikipiki na ya paneli ndogo ya sola. Katika nchi ambayo takriban mtu mmoja tu kati ya kumi ana umeme nyumbani, na ambayo mteja wa Regideso katikati ya jiji naye anajua maana ya giza la ghafla, sifa hiyo ina thamani kuliko kasi ya intaneti ambayo kifaa hicho kiliwahi kuitoa.

Makala haya yanaeleza ni nini hasa kinachoweza kutengenezwa nyumbani kutokana na vifaa hivyo, ni kipi hakifai kuguswa, na masalio yake yaende wapi. Sisi tunaofasiri habari kutoka Kifaransa kila siku tumezoea kuita vyote hivi taka. Kiswahili kina neno la haki zaidi, chakavu. Kitu chakavu kimechoka, lakini bado ni kitu.

Soma maandishi ya chini kwanza

Kabla ya bisibisi, geuza kifaa na usome kibandiko chake. Ruta huandikwa volti inazohitaji: 12, na nyingine 9 au 5. Adapta yake, yaani kile kichwa cheusi kinachochomekwa ukutani, huandikwa volti na ampea inazotoa. Kanuni ni mbili. Volti za adapta na za kifaa lazima zilingane. Ampea za adapta ziwe sawa na za kifaa au zaidi. Zikizidi hakuna dhara, kwa kuwa kifaa huchukua kiasi kinachokihitaji tu. Ruta ya volti 5 ikipewa 12 huungua mara moja, na hakuna fundi wa Buyenzi atakayeirudisha.

Kuna alama ya tatu ambayo watu huiruka: duara dogo lenye nukta katikati, na mistari miwili inayoelekea kwenye alama za kujumlisha na kutoa. Huonyesha kama chanya iko ndani ya kichomeko au nje. Mara nyingi huwa ndani, lakini "mara nyingi" si kipimo. Multimita ya bei ndogo, ambayo huuzwa pamoja na vipuri vya redio, humaliza ubishi wote.

Adapta nzima ya volti 12 na ampea 1 hutoa wati 12. Hizo zinatosha kuwasha vipande vitatu au vinne vya taa za LED za wati 3, zile zinazouzwa kwa ajili ya magari na pikipiki. Taa ndogo za kijani zilizo kwenye uso wa ruta yenyewe hazimuliki chochote. Asikudanganye mtu kuzitoa.

Betri ya UPS bila UPS

Mtambo mdogo wa nyumbani wenye faida kuliko yote ni rahisi kiasi cha kutia aibu. Ndani ya UPS nyingi ndogo za kompyuta mna betri ya risasi na asidi, iliyofungwa, ya volti 12 na saa-ampea 7. UPS huchukua umeme wa betri hiyo, ikaupandisha hadi volti 220 za mkondo geu, kisha adapta ya ruta ikaushusha tena hadi volti 12 za mkondo mnyoofu. Ni safari ya kwenda mlimani na kurudi palepale, na njiani umeme hupotea kwa joto. UPS yenyewe nayo hula sehemu ya umeme kwa ajili ya kazi yake ya ndani. Ukiunganisha betri moja kwa moja na kifaa cha volti 12, safari yote hiyo inafutika.

Hesabu yake ni hii. Volti 12 mara saa-ampea 7 ni saa-wati 84. Betri ya aina hii haipendi kukamuliwa hadi tone la mwisho. Ukitumia nusu tu, una saa-wati 42. Ruta ya wati 6 na taa ya wati 3 kwa pamoja hula wati 9. Kwa hiyo mwanga na mtandao vitadumu kwa muda wa karibu saa nne na nusu. Hiyo ni betri mpya. Iliyokaa stoo miaka mitatu huenda ikatoa saa mbili au pungufu, na hilo hujulikana kwa kupima. Ikiwa imejaa na kupumzika bila kuunganishwa na chochote, isome volti 12.6 au zaidi. Ikisoma chini ya 10.5 baada ya kuchajiwa, imekwisha. Iliyovimba au kupasuka isichajiwe hata kwa majaribio.

Makosa matatu hurudiwa na wanaojaribu. La kwanza ni kuichaji betri kwa adapta ya ruta. Adapta ya volti 12 haiwezi kuijaza betri inayohitaji kati ya volti 13.5 na 13.8 ili ikae imejaa, wala haina kitu cha kusimamia mkondo. Tumia chaja ya betri za risasi, au paneli ndogo ya sola yenye kidhibiti chaji chake. La pili ni kuacha fyuzi. Betri ndogo kama hii, nyaya zake zikigusana, hutoa mkondo wa kuyeyusha plastiki na kuwasha pazia. Fyuzi ya ampea 2 au 3, ikifungwa karibu kabisa na ncha ya chanya, ndiyo mlinzi pekee. La tatu ni kuifungia betri kabatini bila hewa. Inapochajiwa kupita kiasi hutoa gesi ya hidrojeni, na gesi hiyo hulipuka.

Jambo moja zaidi kuhusu ruta. Betri iliyojaa inaweza kufika volti 13.8 inapochajiwa. Ruta nyingi za volti 12 huvumilia hilo kwa sababu ndani zina saketi inayozishusha hadi volti 3.3, lakini si zote. Kifaa unachokihitaji kesho asubuhi kiwekee kipunguza volti kati yake na betri. Kile ulichookota stoo unaweza kukijaribu kama kilivyo.

Nyuzi nane za shaba

Waya wa mtandao ndio unaotupwa kwa wingi zaidi, na ndio ninaouonea huruma. Ndani yake mna nyuzi nane za shaba, zimesokotwa mbilimbili, kila moja ikiwa na unene wa karibu nusu milimita. Wahandisi walikwisha kuugeuza kuwa njia ya umeme: mwaka 2003 kulitoka kanuni ya kimataifa ya kupitisha hadi wati 15.4 ndani ya waya huo huo unaobeba data, kwa volti 48. Nyumbani hatuhitaji kufika huko.

Chukua nyumba ya kawaida ya Kigobe: ua, lango, tangi la maji nyuma ya jiko. Waya mmoja uliofukiwa ndani ya bomba la plastiki kutoka sebuleni hadi langoni unaweza kufanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Nyuzi mbili ni za kengele. Nyuzi nne ni za taa ya LED ya langoni. Mbili zilizobaki hungojea siku panya atakapokata mojawapo.

Lakini uzi mwembamba huzuia umeme. Mita 10 za uzi mmoja zina ukinzani unaokaribia omu 1; kwenda na kurudi ni karibu 2. Taa ya wati 3 huchukua robo ampea, kwa hiyo hupoteza nusu volti tu njiani na hutaona tofauti. Taa ya wati 12 kwenye waya uleule itapoteza volti 2, nayo itafifia na waya utapata joto. Dawa ni kuunga nyuzi pamoja: nne upande wa chanya, nne upande wa hasi, na upotevu hushuka hadi robo. Kamwe waya huu usipitishe umeme wa volti 220 wa Regideso. Ngozi yake haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na mtoto atakayeushika hatajua kwamba ulikuwa "waya wa intaneti" tu.

Kwangulia uzi kwa kisu kabla ya kununua bunda. Ukiona wekundu hadi ndani, ni shaba. Ukiona weupe, ni alumini iliyopakwa shaba: hukatika upesi, hupata joto zaidi, na haufai kufukiwa ardhini.

Kazi ya tatu, na pengine inayopendwa zaidi jijini ambako maji ya bomba huja kwa zamu, ni king'ora cha tangi. Swichi ya boya hutundikwa juu ndani ya tangi. Maji yakifika, boya huinuka, saketi hufungwa, na kengele hulia jikoni kabla maji hayajamwagika. Kitoa sauti kinaweza kutolewa kwenye UPS ileile iliyokuwa ikiwasumbua wafanyakazi. Kijaribu kwa betri: kikilia mfululizo, kinafaa, kikitoa mlio mmoja mfupi na kunyamaza, ni kile kinachohitaji saketi ya kukiendesha, na ni nafuu kununua kingine.

Matumizi ya nyaya za mawasiliano nyumbani si mageni Afrika. Nchini Afrika Kusini, walinzi wa usiku wa Kizulu walianza kusuka nyaya za simu zenye rangi nyingi kuzunguka fimbo zao, na kutoka hapo zikazaliwa bakuli na vikapu vya waya ambavyo leo huuzwa kwenye majumba ya sanaa. Anayepata mabunda ya rangi na hana haja na taa anaweza kuanzia hapo.

Ubongo wa ruta

Hadi hapa tumeitumia miili tu. Ruta ni kompyuta ndogo, na kompyuta hiyo inaweza kufundishwa kazi nyingine. Historia yake inaanzia kwenye ruta ya Linksys WRT54G, iliyotolewa Desemba 2002. Watumiaji waligundua kwamba ndani yake mlikuwa na Linux, programu huria ambayo leseni yake humtaka muuzaji atoe msimbo wake. Kampuni iliutoa mwaka 2003, na mwaka uliofuata ukaanza mradi wa OpenWrt, ambao hadi leo hutoa programu za bure za kuziandika upya ruta za aina nyingi.

Mwaka 2009 mhandisi wa Marekani Jeff Keyzer alichapisha maelezo ya jinsi alivyoigeuza ruta ya Asus WL-520gU, yenye kumbukumbu ya megabaiti 16 tu na tundu moja la USB, kuwa redio ya intaneti: aliitia OpenWrt, akachomeka kadi ndogo ya sauti, akaongeza kioo na kitufe cha kubadilisha stesheni. Sisi watu wa redio hatuwezi kuacha kuitaja. Hata hivyo hesabu ni muhimu. Matangazo ya kilobiti 64 kwa sekunde hula karibu megabaiti 29 kwa saa. Kwa kusikiliza stesheni ya Bujumbura, redio ya FM ya betri mbili hufanya kazi hiyo bure na vizuri zaidi. Ruta-redio ina maana kwa stesheni za mbali tu, au kwa ndugu walioko ughaibuni wanaotaka kusikia za nyumbani.

Ninachokiona cha maana zaidi ni maktaba isiyohitaji intaneti. Mwaka 2011 David Darts, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha New York, alitoa mpango wa kisanduku kinachotoa Wi-Fi bila kuunganishwa na mtandao wowote. Aliye karibu hujiunga kwa simu na kuchukua mafaili yaliyomo kwenye flashi. Baadaye ruta ndogo ya TP-Link MR3020 ikawa chombo chake cha kawaida, kwa kuwa hutumia volti 5 za chaja ya simu. Flashi ya gigabaiti 16 hubeba zaidi ya saa 500 za sauti kwa ubora wa kawaida wa maongezi, au vitabu vya shule vingi kuliko atakavyosoma mtoto mmoja. Watoto wote wa uani husoma na kusikiliza bila mtu kununua mega hata moja.

Tahadhari ni mbili. Kuiandika upya programu ya ruta huchukua dakika chache, na umeme ukikatika katikati, ruta huweza kufa kabisa. Katika jiji letu kazi hiyo ifanywe kwa betri, ile ya sehemu ya kwanza. Pili, ruta za zamani zisirudishwe kwenye intaneti. Zenye kumbukumbu ya kuhifadhi ya megabaiti 4 hazipokei tena matoleo mapya ya OpenWrt, na programu za watengenezaji wake zimeachwa zamani. Mei 2018 ilifichuliwa kwamba programu haribifu iitwayo VPNFilter ilikuwa imevamia vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54, vingi vikiwa ruta za nyumbani na za ofisi ndogo. Maktaba isiyo na intaneti haina mlango huo.

Na kabla hujaigawa ruta ya ofisi, bonyeza kitufe chake cha kufuta kwa sekunde 10 hadi 30. Nenosiri la Wi-Fi na wakati mwingine la akaunti ya mteja hubaki ndani, na shirika lililokupa halitafurahi kulisikia mtaani.

Dishi la setilaiti

Nyaya za baharini za intaneti zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na Burundi, isiyo na bahari, ikaanza kupata njia kupitia majirani. Kabla ya hapo intaneti ya ofisi ilitoka angani, na madishi yake bado yanaonekana juu ya paa. Dishi la kipenyo cha mita 1.2 hupokea jua la adhuhuri la kiasi cha wati 1,100. Likibandikwa karatasi ya alumini inayong'aa, hata nusu ikipotea, mahali palipokuwa kipokezi huwa na joto la jiko dogo la umeme, la kutosha kuchemsha maji ya chai bila makaa. Mkono ulioshika kipokezi ndio unaoonyesha pa kuweka sufuria, ambayo ipakwe masizi kwa nje.

Ni chombo cha mtu mwangalifu. Mwanga wake huumiza macho, kwa hiyo mpishi avae miwani myeusi na asimame nyuma ya dishi. Kazi ikiisha, lifunikwe au ligeuzwe chini. Dishi lililoachwa linatazama jua linaweza kuwasha nguo kwenye kamba.

Kisichofunguliwa, na kinachobaki

Swichi kubwa ya mtandao na UPS zina kitu ambacho ruta ndogo haina: umeme wa volti 220 huingia hadi ndani. Kapasita zake huhifadhi zaidi ya volti 300 kwa muda hata baada ya kuchomolewa. Baadhi ya UPS za bei ndogo hazijatenganisha betri na umeme wa ukutani, kwa hiyo kugusa ncha za betri wakati kifaa kimechomekwa ni sawa na kugusa waya wa nguzo. Chomoa, toa betri, subiri. Asiye fundi achukue betri, feni na sanduku la chuma, aache mengine.

Kazi ya lehemu ifanyike penye hewa, na mikono ioshwe kabla ya kula. Vifaa vingi vilivyotengenezwa kabla ya Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulipoanza kuzuia risasi katika elektroniki, vimeunganishwa kwa lehemu yenye risasi.

Madhara makubwa hayatokei mezani pa fundi. Hutokea pale nyaya zinapochomwa moto ili kupata shaba, kwa kuwa plastiki yake ikiungua hutoa asidi na sumu za dioksini. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti Juni 2021 kuhusu watoto wanaoishi na kufanya kazi penye taka za kielektroniki, na likaonya kwamba miili inayokua ndiyo inayoumia zaidi. Kisu hutoa shaba ileile, tena safi na nzito zaidi mizanini, kwa dakika chache za ziada.

Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Afrika haikufika asilimia 1. Katika kanda yetu, Rwanda ina kiwanda huko Bugesera na Kenya ina kituo cha WEEE jijini Nairobi. Shirika la mawasiliano la Afrika Mashariki, EACO, ambalo Burundi ni mwanachama wake, lilitoa mkakati wa kikanda mwaka 2017. Lakini kinachotupwa kwenye pipa la Bujumbura huelekea jalala la Buterere, na mvua ya Buterere huteremka kuelekea Ziwa Tanganyika, ambako jiji huvuta maji yake ya kunywa.

Kwa hiyo mbao za saketi zilizobaki ziwekwe pamoja kwenye katoni kavu, zisivunjwe wala kuchomwa, hadi apatikane mkusanyaji anayezipeleka kiwandani. Ofisi zenye vifaa vingi ndizo zenye uwezo wa kugharimia safari hiyo, na ni haki ziulizwe. Betri za risasi zilizokufa zina soko kwa wauzaji wa betri za magari. Ziuzwe nzima, asidi ikiwa ndani, zikiwa zimesimama wima na ncha zake zimefungwa utepe.